Usimwendee ndege, mtangulie: jibu kwa binti anayekimbiwa na ndege Sabaki

Swali limetoka kwa binti mmoja wa hapa Malindi, ameandika hivi: "Shikamoo mwalimu. Nina kamera ya mtumba na lenzi ya milimita 70-300. Kila Jumapili naenda Sabaki pale mto unapoingia baharini kupiga picha za ndege lakini nikifika tu kama mita sitini hivi wote wanaruka, nikirudi nyumbani kufungua picha naona vidoti. Rafiki yangu asema nisijitese, niweke pesa ninunue lenzi ya 600. Ni kweli ama kuna njia ya kuwakaribia? Na wanyama wa msituni je?"

Marahaba mwanangu. Swali lako nimelisoma mara mbili manake ndo lile lile nililokuwa nikiuliza mie nilipoanza, na jibu nililopewa lilikuwa hilo hilo la lenzi, nikaja kuelewa baadaye sana kwamba lenzi haikuwa shida. Kwa hivo nakwambia mapema kabla hujaenda kuchukua mkopo wa chama, usinunue bado. Hebu fanya hesabu: ukiwa na 300 mita 20 kutoka kwa ndege, anatoka kwenye picha ukubwa sawa sawa na mtu mwenye 600 aliyesimama mita 40. Yaani ile pesa yote ni ya kununua mita 20, na mita 20 unaweza kuzipata bure kwa kukaa. Alafu kuna mazigazi. Pale Sabaki jua likishapanda na tope kupata moto hewa inaanza kucheza, unaiona inatetemeka kama juu ya jiko la makaa, na ukipiga kutoka mbali unapiga ile hewa yote iliyoko katikati, ndege anatoka kama amechorwa na mtu mwenye baridi yabisi hata lenzi iwe ya bei gani. Dawa ya hiyo ni kupunguza hewa iliyoko kati yenu basi.

Sasa kosa lako naliona pale ulipoandika "nikifika tu". Unawaendea. Ndege wa pwani haendewi, unatangulia pale atakapokuja, unakaa, na anayemleta kwako ni maji.

Wewe ni mtoto wa Malindi maji sikufundishi, lakini nikuonyeshe yanavyofanya kazi upande wa ndege. Maji yakipwa tope linafunguka kubwa sana, vitwitwi na sululu na wenzao wanatawanyika kila mmoja anachokoa minyoo na vikaa vyake, na hakuna hata kijiti cha kukuficha, kila hatua yako wanaiona toka mbali. Naona huo ndo wakati unaokwenda wewe, kwa sababu ndo wakati rahisi kutembea. Maji yakianza kujaa lile tope linapungua, linapungua, ndege wanarudi nyuma kidogo kidogo mbele ya maji huku wanakula haraka haraka kabla chakula hakijafunikwa, mpaka wanabaki kwenye ukanda mwembamba wa mwisho karibu na nchi kavu. Kama wewe umeshakaa kwenye ule ukanda nusu saa kabla hawajafika na umetulia, basi kwao wewe ni gogo lililoletwa na mto, na Sabaki huleta magogo kweli, inayatoa huko bara ikiitwa Athi, inapita Tsavo ikiitwa Galana, inatupa kwetu.

Na si kila siku. Umesema unakwenda kila Jumapili, Jumapili ni kalenda ya ofisi, ndege hawa wanafuata mwezi. Siku za bamvua, mwezi ukiandama ama ukiwa mpevu, bahari yetu inapanda zaidi ya mita 3 na inajaa kama saa kumi, saa kumi na moja ya jioni, na kila siku inayofuata inachelewa kama dakika 50. Ukipiga hesabu utaona siku ya pili ama ya tatu baada ya mwezi mpevu maji yanajaa jua likikaribia kutua, ina maana kuanzia saa tisa mpaka saa kumi na moja ndo yanasukuma ndege kuja kwako, na jua wakati huo liko bara, liko mgongoni mwako ukiangalia bahari. Vitu viwili hivi kukutana, maji yanayojaa na jua la mgongoni, ndo siri yote ya zile picha za Sabaki unazoziona watu wakizisifia wakidhani ni kamera. Asubuhi jua linatokea baharini linakupiga machoni na ndege wote wanatoka weusi kama makaa. Maji mafu, ya siku za mwezi nusu, nayo hujaa saa nne saa tano asubuhi na hayapandi sana, tope jingine linabaki wazi siku nzima, ndege hana haja ya kusogea. Mtu akinambia amekwenda mara nne hakupata kitu, la kwanza namuuliza mwezi ulikuwa wa ngapi.

Kukaa nako kuna namna yake. Kaa chini kabisa, usichuchumae, makalio yaguse mchanga, na nyuma yako kuwe na kitu, mkoko, gogo, tuta la mchanga, ili kichwa chako kisitokeze peke yake juu ya mbingu. Mtu aliyesimama kwenye tope tupu ni mnara. Kaa upande upande usiwaelekee kifua, na kamera iwe imeshafika usoni, viwiko juu ya magoti, kabla ndege wa kwanza hajafika, kwa sababu kinachowatisha zaidi ya yote ni mkono unaopanda. Fikiria, huku kwetu mkono wa binadamu ukipanda mbele ya ndege kinachofuata ni jiwe ama manati, hilo ndege wamejifunza kizazi kwa kizazi na hawatalisahau kwa ajili yako. Zima ile tii-tii ya fokasi na ile taa ndogo nyekundu inayowaka mbele. Kama kamera yako ina shata ya kimya itumie, kama haina usipige mfululizo kama bunduki, piga mbili tatu, pumzika.

Rangi ya nguo watu wanaisumbukia kuliko inavyostahili. Nyeupe usivae, inawaka juani, kanzu na fulana nyeupe ziache nyumbani. Nguo za madoa ya jeshi usiguse kabisa, hapa Kenya raia haruhusiwi kuzivaa na utashikwa kwa ajili ya picha ya kitwitwi. Lakini zaidi ya rangi ni kupeperuka. Msimu wa kaskazi upepo unapiga pale mdomoni mwa mto toka asubuhi, na mtandio ama deraa inayopiga piga ndege anaiona mita mia. Baibui jeusi lililofungwa vizuri likakaliwa halina shida hata kidogo, mke wangu hulivaa na ndege humjia karibu kuliko mie. Bana kila kitu, mtandio uingize ndani, mkanda wa kamera uzungushe mkononi usining'inie.

Hebu nikupeleke Mida kidogo, ile hori ya mikoko karibu na Watamu, uone ninachosema. Kuna ndege pale mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu, na mdomo mnene mweusi kama jambia, kazi yake kula kaa. Hazalii kwetu, huzalia huko pwani za Arabuni na Bahari ya Shamu, na anachimba shimo kwenye mchanga ndo anataga humo, ni ajabu kwa ndege mwenye miguu mirefu vile. Wanakuja Mida kwa makundi, na wageni wanapanda ndege toka Ulaya kuja kuwaona. Mwaka mmoja mwezi wa pili nilikaa kwenye mkoko mmoja wa pembeni, nimeegemea mizizi, tope limenifika kwenye vifundo, nikasubiri kama saa mbili unusu. Saa ya kwanza hakuna kitu, mbu tu. Alafu kaa wadogo walionizunguka wakaanza kutoka kwenye mashimo yao, wale wenye gando moja kubwa, wakaanza kupunga, na hiyo ndo alama ambayo naitumia mpaka leo: kaa wa topeni wakisahau kwamba upo, na ndege watasahau. Maji yakaja yakinong'ona kwenye mizizi, na wale ndege wakaja mbele ya maji, kwanza kumi, alafu nikaacha kuhesabu. Mmoja akafika kama mita sita. Akasimama, akainamisha kichwa kama anasikiliza, akakimbia hatua tatu akachoma, akatoka na kaa. Akamtikisa, gando likaruka, akamtikisa tena, mguu ukaruka, nilisikia lile gando likianguka kwenye maji, tup. Alafu akammeza mzima mzima na koo ikavimba. Nina picha 11 za dakika ile, na lenzi niliyokuwa nayo ilikuwa 300 kama yako.

Pale Mida kuna daraja la kutembelea la kamba na mbao linalopita juu ya mikoko, mwisho wake kibanda cha kujificha kinachotazama tope. Unalipa kiingilio kidogo na pesa zinasaidia karo za watoto wa vijiji vya pembeni ya msitu wa Arabuko-Sokoke kupitia mradi wa ASSETS wa A Rocha Kenya, shirika la kuhifadhi mazingira, hiyo naipenda sana. Kwa mtu anayeanza, kibanda kile ni bora kuliko kutambaa topeni. Fika kabla maji hayajaingia.

Lakini najua kuna siku utataka kusogea, ndege yuko pale na wewe uko hapa. Sawa, ila ujifunze kusoma mwili wake kwanza. Ndege anayekula ameinamisha kichwa ametulia. Anayesimama mguu mmoja na mdomo ameuficha mgongoni ametulia zaidi. Sasa ukisogea ukaona ameacha kula amenyoosha shingo, hiyo ndo ya kwanza, na hapo hapo unasimama, hapo hapo, hata kama mguu mmoja uko hewani. Usimwangalie usoni. Subiri mpaka arudi kula ama aanze kujichambua manyoya. Ukipuuza hiyo utaona ya pili, kundi zima limegeuka upande mmoja linatembea kukuacha. Ya tatu wanainua inua kichwa juu chini, wanachuchumaa kidogo, wengine wanakunya, hapo wameshaamua. Watu wengi wanaanza kupunguza mwendo kwenye ya tatu. Wewe simama kwenye ya kwanza, tena rudi nyuma hatua moja, utashangaa jinsi wanavyotulia wakikuona unarudi.

Usiende moja kwa moja. Nenda kama mtu anayepita zake, mshazari, kama unaelekea kwenye mashua fulani kule mbele, kila zamu unapunguza umbali kidogo. Na angalia nani yuko kwenye kundi. Sululu, yule mwenye mdomo mrefu uliopinda kuelekea chini, ndo mlinzi wa pwani nzima. Yeye huruka wa kwanza, na akiruka anapiga mluzi ule wake wa haraka haraka kama mara saba, na kila mwenye mbawa anamfuata bila kuuliza. Kundi lenye sululu mbele yako liache, tafuta la vitwitwi wadogo peke yao, wale wanaokimbizana na povu la mawimbi, wale ni wepesi wa kuzoea.

Mita 20 za mwisho ni za kutambaa, na hapa nakupa kifaa changu. Chukua sinia kuukuu la bati, lile la biriani lililobonyea, lipake tope lisiwake. Juu yake weka soksi uliyojaza mchanga ama mfuko wa mchele wa kilo mbili, na kamera juu ya mfuko. Unalala kifudifudi, unasukuma sinia mbele kiganja kimoja, unavuta mwili, unasubiri. Linateleza juu ya tope kama dau. Faida yake si kujificha tu, lenzi inakuwa usawa wa jicho la ndege, na picha ya usawa wa jicho hata ya kitwitwi wa kawaida inamfanya mtu aache kupitisha picha kwenye simu yake, nyuma kote kunakuwa laini na ndege anasimama peke yake. Ile unayopiga ukiwa umesimama, ukimwangalia toka juu, ni picha ya mgongo na matope. Lakini usitambae mahali usipopajua. Tope la Sabaki kuna pahali limeshika na kuna pahali linameza mpaka mapajani, na maji yakijaa yanakuzunguka kwa nyuma kupitia vijito wewe unatazama mbele. Enda na kijana wa pale, mlipe, anajua.

Kuna wakati mmoja nataka uniahidi hutawasogelea, nao ni maji yakishajaa. Tope limekwisha, ndege wote wamejipanga kwenye fungu la mchanga, wamefunga macho, wako karibu karibu kama mahujaji, na kila mpiga picha anatamani. Wale wamelala. Wengi wao wanatoka Siberia huko kaskazini ya dunia, wanakaa kwetu toka mwezi wa nane wa tisa mpaka wa nne, na kabla ya kuondoka wanalazimika kunenepa kwa safari ya maelfu ya kilomita. Kila wanaporuka wanachoma mafuta ambayo wameyatafuta siku nzima. Mwezi wa nne mmoja niliwaendea wakiwa wamelala vile, wakaruka, wakazunguka, wakatua, nikawaendea tena, mara saba nilihesabu, mara ya saba wakavuka mto wakapotea. Usiku ule nilikaa nikawaza wale ambao pengine waliondoka wiki ile ile na tumbo nusu. Sijarudia, na nikiwa na wageni maji yakishajaa nawaambia tufunge kamera tunywe chai. Wengine hukasirika. Bora wakasirike.

Viota vile vile. Kuna vitwitwi wa mchangani wanaotaga hapo hapo chini kwenye mchanga, hakuna kiota cha kuonekana, na mayai yana rangi ya mchanga. Ukiona kindege kinakimbia mbele yako kinaburura bawa kama limevunjika, hakijaumia, kinakuvuta mbali na mayai. Simama, angalia unapokanyaga, rudi kwa nyayo zako zile zile. Jua la mchana mayai yakiachwa wazi ni dakika chache tu. Picha ya ndege kwenye kiota hata iwe nzuri vipi mie huwa siiulizi ilipigwaje, naiacha.

Kitu kingine usidharau wavuvi. Ndege wamemzoea mtu yule anayepita njia ile ile saa ile ile na nyavu begani, hawamwogopi, yangeyange anamfuata nyuma mita tatu akisubiri dagaa. Nenda kawasalimie, kaa nao siku mbili tatu bila kamera, waambie unachofanya, omba ruhusa kabla ya kupiga picha ya mtu. Ukikaa pembeni ya mvuvi anayeshona nyavu unakuwa sehemu yake. Na ukitaka mazoezi ya mkono bila kusafiri, pale samaki wanapoteremshwa mjini kuna yangeyange na kunguru asubuhi nzima, jifunze kwao kusoma shingo, tofauti ni umbali tu.

Sasa msituni. Arabuko-Sokoke mambo ni mengine, kule huoni mbali, unasikia. Mnyama ambaye nakushauri uanze naye ni sange, yule mwenye pua ndefu kama mkonga mdogo na matako ya rangi ya dhahabu, ukubwa wa sungura mdogo, ambaye dunia nzima anapatikana huku pwani ya Kenya tu, hata kwenye magofu ya Gede yupo. Anatembea mchana, anafukua majani makavu chini akitafuta wadudu. Ukimfuata anaruka ruka kama swala na kupiga majani, kishindo, amekwenda. Kwa hivo humfuati. Kila sange ana eneo lake na hatoki, akikimbia anazunguka tu ndani kwake, ukikaa pale pale alipokukimbia atarudi. Na kuna msaada: yuko ndege mdogo wa msituni mwenye kifua na tumbo la rangi ya machungwa ambaye humfuata sange nyuma nyuma aokote wadudu wanaofukuliwa. Ukimwona yule ndege chini ya vichaka anaruka kidogo, anasimama, anaruka kidogo, usimwangalie yeye, angalia majani mbele yake. Mie nimewapata sange wengi kwa ndege yule kuliko kwa macho yangu.

Kutembea kwenye majani makavu weka kisigino polepole, hatua tatu simama, hatua mbili simama, usiwe na mdundo mmoja, manake hatua zilizopangika ni za binadamu. Na upepo. Ndege hana habari na harufu yako lakini paa na ndovu wanayo. Msimu wa kusi upepo unatoka kusini, wa kaskazi unatoka kaskazini mashariki, lakini ndani ya msitu unapinda pinda kwa hivo chukua vumbi kidogo uliachie, likienda upande wa mnyama badilisha njia. Ndovu wapo Arabuko, si hadithi, kwa hivo usiingie peke yako, chukua muongozaji wa pale getini, wanajua mpaka mti ambao bundi mdogo wa Sokoke amelala leo. Bundi yule hafiki hata sentimita 20, anakaa kwenye vichaka vya ndani wawili wawili wamegandana, na kwa nchi mbili tu duniani anapatikana, sisi na Tanzania kule Usambara. Kwa hivo usimchezee sauti kwenye simu ili aje. Anadhani kuna mwenzake amevamia, anaacha alichokuwa akifanya anakuja kupigana na simu. Kesho mwingine anafanya hivo, kesho kutwa mwingine. Fleshi pia zima.

Kima wa Gede wamezoea watu, watakufuata wenyewe, usiwape ndizi tu, wanageuka wezi na mwisho wanaumizwa wao. Na siku ukipata nafasi ya kwenda Tsavo kwa njia ya geti la Sala, gari ndo maficho yako, mnyama anaona gari haoni mtu, bora usitoe mkono wala kichwa nje. Mwambie dereva azime injini, si kupunguza, azime, ule mtetemo unaharibu picha kuliko unavyodhani. Ule mfuko wako wa mchele uweke dirishani.

Upande wa kamera sina mengi. Shata 1/1000 ya sekunde kwa anayetembea, 1/2000 kwa anayeruka, tundu la lenzi liache wazi kabisa, ISO, yaani wepesi wa kamera kuona mwanga, ijipange yenyewe, fokasi nukta moja juu ya jicho. Jicho likiwa halijakaa sawa picha haipo. Na droni usilete, ukiacha kwamba inahitaji kibali cha KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, kwa ndege ile ni kipanga.

Basi fanya hivi. Angalia mwezi, siku ya pili baada ya kuwa mpevu mpigie yule kijana wa Sabaki, fikeni saa nane mchana tope bado liko wazi, mwachie yeye achague pahali pa kukaa penye njia ya kurudi. Beba maji, kofia, sinia lako, simu ndani ya mfuko wa nailoni. Saa tisa uwe umeshakaa na hujagusa kitu. Ukiwakuta kaa wanapunga, umefika. Piga mpaka wale wa mwisho wapande kwenye fungu kulala, hapo funga lenzi hata kama rangi ya jua ndo imekuwa asali, na uondoke kabla halijagusa minazi ya bara, kwa sababu mto ule una viboko na wakati huo ndo wanatoka kuja kula majani, wanatumia njia hiyo hiyo yako, na kiboko ukisimama kati yake na maji hakuna mbinu hata moja kati ya hizi nilizokuandikia itakayokusaidia. Rudini kwa njia ya juu ya matuta ya mchanga, mzungumze kwa sauti.